Ukucha wa Winchester: Model 70 kabla na baada ya 1964

Katika maduka na minada ya bunduki huko Marekani, mnunuzi anayeijua vizuri Winchester Model 70 haanzi kwa kuutazama mtutu wala kuupapasa ubao wa kitako. Kwanza huinama asome namba iliyogongwa ubavuni mwa chuma. Ikiwa namba iko chini ya 581,000 na ushei, bei hupanda. Ikiwa ni 700,000 au zaidi, bei hushuka. Zaidi ya namba laki moja katikati hapo ziliachwa wazi, kwa sababu mwaka 1964 kiwanda kiliamua kuanza upya: jina ni lile lile, lakini bunduki ni nyingine. Tangu hapo wawindaji wamegawanyika kambi mbili, na ubishi wao umeshatimiza miaka sitini.

Bunduki iliyozua ubishi huo ilizaliwa New Haven, Connecticut. Winchester ilikuwa kampuni kubwa tangu 1866, na sifa yake ilijengwa na bunduki zinazokokiwa kwa wenzo ulio chini ya kifyatulio. Vita Kuu ya Kwanza vikabadilisha ladha ya wateja. Vijana wa Kimarekani waliorudi kutoka Ufaransa walikuwa wamezoea bunduki za bolti, chuma kinachosukumwa na kuvutwa kwa mkono ili kupakia risasi, na walitaka za namna hiyo kwa kuwindia kulungu nyumbani. Winchester ikawajibu kwa Model 54 mwaka 1925. Ilikuwa bunduki nzuri, ila kifyatulio chake kilikuwa cha kijeshi mno na sefti yake, yaani kizuizi cha usalama, iligombana na darubini. Mwaka 1931 kampuni ilifilisika, ikanunuliwa na ukoo wa Olin, watengenezaji wa risasi. Chini ya wamiliki hao wapya mafundi waliirekebisha Model 54 kasoro moja baada ya nyingine, na mwishoni mwa 1936 wakatoa Model 70. Mwaka uliofuata iliuzwa kwa dola 61 na senti 25, fedha nyingi kwa mtu wa kawaida katika miaka ile ya mdororo wa uchumi.

Kiini chake kilitoka Ujerumani. Mwaka 1898 Paul Mauser wa mji wa Oberndorf alikamilisha bolti ambayo imeigwa kuliko nyingine yoyote duniani. Askari wa Kijerumani waliileta Afrika Mashariki, ingawa vita vilipoanza mwaka 1914 kombania nyingi za askari wa kamanda wao Lettow-Vorbeck zilikuwa bado zinabeba Mauser kongwe ya 1871, ile ya baruti nyeusi iliyofichua kwa moshi mahali alipo mpigaji. Mafundi wa New Haven walichukua kwa Mauser kitu kimoja kilicho na thamani kuliko vyote: ukucha.

Ukucha huo ni ulimi mrefu wa chuma unaolala ubavuni mwa bolti. Mwindaji anaposukuma bolti mbele, risasi huchomoka kwenye magazini na kitako chake huteleza moja kwa moja chini ya ukucha. Kuanzia hapo imeshikwa. Bolti ikienda mbele, risasi inakwenda nayo. Ikirudi nyuma, risasi inarudi nayo, hata kama mpigaji alisita katikati ya safari. Bunduki ikiwa imelala ubavu au imepinduliwa juu chini, risasi haidondoki. Na kwa kuwa kinachorusha ganda nje ni kipande cha chuma kilichosimama pale pale, mwindaji akivuta bolti taratibu anaweza kulipokea ganda mkononi bila kelele.

Ubora wa mpango huo huonekana mtu anapokuwa na hofu. Tuchukue mwindaji aliyemjeruhi nyati, na nyati akageuka. Mwindaji anasukuma bolti, anadhani imefika mwisho kumbe bado, anaivuta tena. Kwenye bunduki yenye ukucha, risasi ile inatoka na nyingine inaingia. Kwenye bunduki inayosukuma risasi bila kuishika, risasi ya kwanza inabaki ndani ya chemba, ya pili inakuja kuigonga kwa nyuma, na bunduki imekwama wakati nyati yuko hatua chache mbele. Hitilafu hiyo si ya kila siku, na mpigaji aliyezoezwa vizuri huenda asiione maishani mwake. Lakini kwa anayewinda wanyama wanaoweza kumuua, mara moja inatosha.

Model 70 ya kwanza ilikuwa na mazuri mengine. Sefti yake ilikuwa na hatua tatu: kufyatua, kufunga kila kitu, na ile ya katikati inayomruhusu mtu kutoa risasi chemba huku sindano imezuiwa. Kifyatulio kilikuwa cha vipande vichache vilivyo wazi, hivyo vumbi na maji vilipita badala ya kunaswa. Bolti na mkono wake vilifuliwa kwa kipande kimoja cha chuma. Kitako kilikuwa cha mbao za mjozi, na nakshi za mahali pa kushikia zilichongwa kwa mkono. Iliuzwa kwa kaliba nyingi, kuanzia .22 Hornet ya wanyama wadogo hadi .375 H&H, risasi ya Waingereza iliyofaa kwa simba, nyati na tembo. Jack O'Connor, mwandishi wa jarida la Outdoor Life aliyewinda hadi Kenya na Tanganyika, aliipigia debe Model 70 ya .270 mpaka majina hayo mawili yakawa hayatengani.

Kilichoiponza ni gharama. Kila Model 70 ilipita kwenye mashine nyingi za kuchonga chuma, na baada ya kila mashine kulikuwa na mtu wa kupima, kupiga tupa na kurekebisha. Baada ya Vita Kuu ya Pili mishahara ilipanda, na washindani hawakukaa kimya. Remington walitoa Model 721 mwaka 1948 na Model 700 mwaka 1962, bunduki ambazo mwili wake wa chuma ulikuwa bomba la mviringo lililo rahisi kuchongwa. Zilikuwa za bei nafuu, imara, na zenye shabaha kali. Kule New Haven mashine zilikuwa zimezeeka, na bunduki za miaka ya mwisho kabla ya 1964 zinaonyesha uchovu huo: alama za mashine zisizosuguliwa, mbao zisizokaa sawa kwenye chuma. Wapenzi wa bunduki hizo hawapendi kukumbushwa, lakini ni kweli. Kampuni ilikuwa imebanwa. Ama ipandishe bei, ama ibadilishe bunduki.

Ikabadilisha bunduki.

Model 70 ya 1964 haikuwa na ukucha mrefu. Badala yake iliwekwa kulabu ndogo kwenye kichwa cha bolti, inayoishika risasi pale tu bolti inapofungwa kabisa. Kipande cha kurushia ganda kikawa pini yenye springi. Mkono wa bolti ukawa kipande cha peke yake kilichounganishwa baadaye. Nakshi za mbao hazikuchongwa tena. Ziligandamizwa kwa mashine yenye joto, zikaonekana kama zimepigwa muhuri. Mtutu uliachwa ukielea na nafasi pana kila upande, kiasi kwamba mnunuzi aliyeishika dukani aliona pengo kabla ya kuona bunduki.

Hasira za wateja zilikuwa kubwa na za haraka. O'Connor hakuficha masikitiko yake. Wenye maduka waliokuwa na bunduki za zamani kabatini waligundua kuwa wamekaa juu ya hazina, na maneno "kabla ya 64" yakaingia katika lugha ya biashara yakiwa na maana ya ubora wenyewe. Wawindaji wenye uwezo walianza kuzitafuta kwenye mirathi na kwa marafiki.

Hata hivyo bunduki ya 1964 inastahili kutendewa haki, maana imesemwa vibaya kuliko ilivyokosea. Uso wa bolti yake uliokizunguka kitako cha risasi pande zote uliwapa wapigaji kinga nzuri zaidi endapo ganda lingepasuka na gesi kurudi nyuma. Mitutu yake ilipiga vizuri, mara nyingi vizuri kuliko ile ya zamani, kwa sababu haikubanwa na mbao zinazovimba wakati wa mvua. Na kiwanda kilisikia malalamiko: mwaka 1968 kiliongeza njia ya kuizuia bolti isiyumbe, na miaka michache baadaye nakshi za kuchongwa zikarudi. Anayewinda kulungu kwenye misitu ya Pennsylvania alikuwa na chombo cha kutosha kabisa. Kosa la Winchester lilikuwa kuuza bunduki ya kawaida kwa jina la bunduki isiyo ya kawaida, tena kuipeleka hadi mahali ambapo ukucha ulihitajika kweli.

Mahali hapo palikuwa Afrika. Mwaka 1956 Winchester walikuwa wametoa Model 70 iliyoitwa African, pamoja na risasi mpya ya .458 Winchester Magnum. Wazo lilikuwa kumpa mwindaji wa tembo nguvu ya bunduki za mitutu miwili za London kwa sehemu ndogo tu ya bei yake. Hizo za London zilitengenezwa kwa mkono kwa kuagizwa, na ni wachache waliozimudu. Ganda la .458 lilikatwa fupi ili liingie kwenye bolti ya urefu wa kawaida, na hapo ndipo hesabu ilipobana. Kampuni iliahidi kichwa cha gramu 32 kitakachoruka kwa takriban mita 650 kwa sekunde. Nafasi ya baruti ilikuwa ndogo, baruti ikashindiliwa, na risasi zilizokaa muda mrefu kwenye joto zikaanza kutoa mwendo pungufu ya ulioandikwa kwenye boksi. Mmarekani Jack Lott alijeruhiwa na nyati huko Msumbiji mwaka 1959 akiwa na .458; baadaye akatengeneza risasi yenye ganda refu zaidi, .458 Lott, ambayo wawindaji bingwa wengi wanaibeba leo.

Pamoja na kasoro hiyo, .458 ilienea. Kadiri risasi za zamani za Kiingereza zilivyoadimika katika miaka ya 1960, ndivyo kaliba hiyo ilivyozidi kuwa ya kawaida mikononi mwa wawindaji bingwa na askari wanyamapori. Na ni wakati huo huo ambapo Winchester waliuondoa ukucha, hata kwenye African. Uamuzi huo ni mgumu kuutetea. Bunduki iliyokusudiwa mahususi kwa tembo na nyati ilikuwa ndiyo ya mwisho kustahili mabadiliko yale. Pengo likazibwa na Brno ZKK 602 kutoka Chekoslovakia: nzito, isiyo na urembo, ila yenye ukucha kamili wa Mauser na magazini inayomeza risasi ndefu. Kuanzia Afrika Mashariki hadi kusini mwa bara, Brno ilipata wateja ambao kwa haki wangekuwa wa Winchester.

Kampuni nayo ilianza kuyumba. Mgomo mkubwa wa wafanyakazi wa New Haven ulianza mwaka 1979, na mwaka 1981 Olin wakakiuza kiwanda kwa kampuni mpya iliyojiita U.S. Repeating Arms, ambayo nayo ilifilisika kabla ya muongo kwisha. Hatimaye kiwanda kikawa mali ya FN Herstal wa Ubelgiji. Katikati ya misukosuko hiyo likatokea jambo ambalo wateja walikuwa wamelisubiri kwa robo karne: mwanzoni mwa miaka ya 1990 ukucha ulirudi, kwenye bunduki zilizopewa jina la Classic. Kilichowezesha kurudi kwake ni mashine za kuchonga chuma zinazoongozwa na kompyuta. Kazi iliyohitaji mikono mingi mwaka 1963 sasa iliwezekana bila kuipaisha bei. Lakini Classic hazikuwa sawa zote. Moja ilitoka safi, nyingine ilihitaji fundi bunduki kabla ya kupelekwa porini. Machi 2006 kiwanda cha New Haven kilifungwa, wafanyakazi waliobaki wakiwa hawazidi 200.

FN walihamishia Model 70 kwenye kiwanda chao cha Columbia, South Carolina, na bunduki mpya zikafika madukani mwaka 2008. Tangu 2013 zinaunganishwa Viana, nchini Ureno. Na hapa ushabiki wa namba huanza kuyumba, kwa sababu bunduki hizi zimetengenezwa vizuri kuliko nyingi zilizotoka New Haven katika muongo wowote. Bolti hutembea bila kukwaruza. Mbao zimekaa sawa kwenye chuma. Ukucha upo, sefti ya hatua tatu ipo. Kilichobadilika kwa dhahiri ni kifyatulio: kile cha vipande vilivyo wazi kimeacha nafasi kwa kingine kilichofungwa ndani ya kiboksi, chepesi na laini zaidi kidoleni. Kwa mpigaji wa shabaha hiyo ni faida. Kwa anayelala wiki tatu hemani kwenye vumbi la kiangazi, cha zamani bado kina hoja, kwa kuwa kinasafishika kwa pumzi na kitambaa.

Bunduki ya kabla ya 1964 inabaki na haki yake kwa mtu anayethamini saa za kazi ya mikono zilizomo ndani yake, na bei yake leo inalipia saa hizo pamoja na historia. Anayetaka chombo cha kazi hana sababu ya kuilipia. Kwenye orodha ya sasa ya Winchester kuna Model 70 Safari Express, ya .375 H&H, .416 Remington na .458 ile ile ya 1956. Zote tatu zina ukucha.