Mwalimu Abishaye Hodi

Habari za shule zimeandikwa na wengi, lakini habari za mwalimu aendaye nyumbani kwa mgeni kumfundisha lugha, tena kwa hiari yake, zimeandikwa na wachache. Leo twapenda kuzieleza kama zilivyokuwa Marekani, nchi iliyopokea wageni wengi kutoka ng'ambo.

Mwaka 1889 Bibi Jane Addams na mwenzake, Bibi Ellen Starr, walihamia mtaa wa maskini mjini Chicago, katika nyumba iitwayo Hull House. Hapana aliyewashurutisha. Majirani zao walikuwa Waitalia, Wajerumani, Wayahudi waliotoka Urusi, na wengineo, na jioni watu walipotoka kazini walifundishwa Kiingereza. Walakini Bibi Addams aliona jambo ambalo sisi walimu twalijua sana. Mtoto hujifunza upesi, na mzazi huachwa nyuma. Mtoto ndiye asemaye na mwenye duka, na mwenye nyumba, na daktari. Mama husimama kando kama kwamba yeye ndiye mtoto. Kidogo kidogo mtoto huanza kuona haya kwa ajili ya mama yake.

Siku moja alimwona bibi mzee wa Kiitalia ameketi nje akisokota uzi kwa kijiti, kama walivyosokota watu wa kale. Akalifikiri sana jambo hilo, na mwaka 1900 akafungua mahali pa kazi za mikono, ambapo wageni walionyesha ufundi wa kwao. Ameandika habari za msichana mmoja wa Kiitalia aliyekuja Hull House kujifunza upishi, na mama yake akija jioni ile ile kusokota. Yule msichana alipita mlango mwingine, asijulikane kuwa ni mtoto wa mwanamke yule mwenye kitambaa kichwani na viatu vizito. Hata jioni moja akaona wageni kutoka chuo cha ualimu wamemzunguka mama yake, wakistaajabia kazi yake. Akafahamu kwa maneno yao kwamba hapana katika Marekani nzima asokotaye kwa kijiti kumshinda. Tangu hapo akaingia kwa mlango mmoja na mama yake. Wala si Kiingereza kilichomfungulia mama mlango huo!

Mwaka 1915 serikali ya California ilitunga sheria ya walimu wa nyumbani, kwa juhudi ya Bibi Mary Gibson. Wilaya iliruhusiwa kuweka mwalimu mmoja kwa watoto 500 wahudhuriao shule, aende majumbani kufundisha watoto na wakubwa Kiingereza, usafi, kazi za nyumbani, na wajibu wa raia. Hawa walikuwa walimu wa mshahara, lakini shauri lenyewe lilikuwa jema, maana mama mwenye mtoto mchanga hawezi kwenda darasani. Ila pamoja na lugha iliingia dharau. Mwaka 1929 Bibi Pearl Ellis alitoa kitabu huko huko California cha kuwafundisha wasichana wa Kimeksiko mambo ya nyumbani. Humo alisema kwamba mtoto aliyefungiwa mkate mtupu wa kwao kuwa chakula cha mchana hashibi, naye huweza kuanza wizi kwa kutwaa chakula cha wenzake. Na kwetu pia, tuseme kweli, wako waingiao nyumba ya mtu wakaanza kwa kufunua chungu.

Baadaye, katika mji wa Syracuse, Bibi Ruth Colvin alisoma gazetini kwamba maelfu ya jirani zake hawajui kusoma vema. Mwaka 1962 akaanza kazi nyumbani mwake, akisaidiwa na wanawake wa makanisa, wote wa kujitolea. Na baadaye wageni wasiojua Kiingereza nao walifundishwa. Mojawapo ya njia zao ni hii: mwanafunzi husimulia habari yake mwenyewe, mwalimu huandika maneno yale yale, na hayo ndiyo huwa somo la kusoma. Mwaka 2002 chama chake kiliungana na kile cha Frank Laubach, yule mmisionari wa Ufilipino aliyesema kila mmoja amfundishe mmoja. Bibi Colvin alifariki mwaka 2024, mwenye umri wa miaka 107.

Kazi hiyo imewafikia hata watu tunaowajua. Warundi waliokimbilia Tanzania mwaka 1972, maelfu yao walipelekwa Marekani tangu mwaka 2007, pamoja na watoto waliozaliwa makambini. Nyumbani wazee husema Kirundi na Kiswahili. Watoto hurudi shuleni na Kiingereza. Mzee aliyefyeka pori na kujenga kwa mikono yake hushikwa mkono na mjukuu wake mbele ya karani, naye mjukuu huamua lipi la kutafsiri na lipi la kuacha. Mwalimu wa kujitolea afuataye njia ya Syracuse, akikaribishwa kwa mzee kama huyo, haanzi na kitabu alichokuja nacho. Humwuliza kwanza alilima nini. Mzee hujibu kwa maneno machache aliyo nayo na kwa mikono yake, na mwalimu huandika, huku mjukuu akisikiliza.