Rika la 2004: Kombe Lililotupita

Muulize mtu yeyote hapa Nyali anakumbuka nini kuhusu mpira wa wakati wa korona. Atakwambia Liverpool kubeba kombe ndani ya Anfield tupu, Julai 2020, na yale makelele ya mashabiki ya kubandika kwenye TV. Hakuna atakayekutajia Karatu. Hakuna atakayekutajia Rubavu. Na huko ndiko kulikochezwa mpira uliotuhusu sisi zaidi, kwa sababu waliokuwa uwanjani walikuwa rika letu. Mimi ni wa 2004. Shikeni huo mwaka, tutauhitaji mbele.

Kwa walio wadogo, hali ya huku ilikuwa hivi. Mgonjwa wa kwanza Kenya alitangazwa tarehe 13 Machi 2020. Siku chache baadaye shule zikafungwa, michezo ikasimama, na kufika mwisho wa Aprili ligi kuu ilikuwa imekatizwa na Gor Mahia kupewa ubingwa. Kafyu ilianza 27 Machi, na jioni hiyo hiyo watu waliokuwa wakikimbilia feri ya Likoni wawahi nyumbani walipigwa virungu na kurushiwa vitoza machozi. Tarehe 8 Aprili kaunti ya Mombasa ikafungwa, hakuna kutoka hakuna kuingia, mpaka 7 Julai. Mtwapa, ambayo ukisimama darajani waiona, ikawa kama nchi nyingine. Timu za Bombolulu na Kadzandani zilizozoea kuvuka kwenda kucheza kirafiki wikendi zikabaki kutumiana matusi kwa WhatsApp.

Boli tulicheza, tusidanganyane. Lakini ilikuwa ya vichochoroni, wanne kwa wanne, mmoja amewekwa kwenye kona kuangalia kama landrova ya polisi yaja. Hiyo si ya kumkuza mchezaji. Hiyo ni ya kuondoa stresi tu.

Sasa hapa ndipo nataka mnisikilize. Korona ilipoingia, wakubwa wa michezo duniani walifanya jambo la busara: waliahirisha. Euro 2020 ikachezwa 2021 na jina likabaki lile lile. Olimpiki ya Tokyo vivyo hivyo. Mtu mzima anangojewa. Mchezaji wa miaka 26 akikosa mwaka mmoja, atacheza akiwa na 27, maisha yaendelea. Mashindano ya vijana hayana huo mwanya, kwa sababu tiketi yenyewe ni tarehe ya kuzaliwa. Kwa AFCON ya chini ya miaka 17 ya 2021, ulitakiwa uwe umezaliwa kuanzia 1 Januari 2004. Ya chini ya miaka 20, kuanzia 1 Januari 2001. Ukiahirisha mwaka mzima, unabadilisha watoto.

CECAFA, baraza la soka la Afrika Mashariki na Kati, lilijua hilo. Ndiyo maana Novemba 2020, wakati Kenya iko katikati ya wimbi la pili na kila siku twasikia vifo kwenye taarifa ya saa moja, mashindano ya U-20 yaliandaliwa Tanzania, Arusha na Karatu.

Na msisahau hali ya Kenya na Tanzania mwaka ule. Tanzania ilikuwa imeacha kutoa takwimu za korona tangu mwanzo wa Mei, hesabu ikigota kwa wagonjwa 509. Juni rais wao akasema nchi iko salama, ligi yao ikarudi. Sisi Mei tulikuwa tumeufunga mpaka, malori yamepanga foleni Namanga madereva wakisubiri majibu ya vipimo. Agosti wao wakazipiga marufuku ndege za Kenya. Yaani mataifa mawili yalikuwa hayaaminiani hata kwa pua iliyochomwa kijiti. Halafu ndani ya mvutano huo, vijana wa Rising Stars wakaenda Tanzania kucheza mpira.

Walifika nusu fainali, wakakutana na Uganda, safari ikaishia hapo. Fainali ilikuwa 2 Desemba, Uganda wakawafunga wenyeji, Ngorongoro Heroes, 4-1. Wote wawili wakapata nafasi ya kwenda AFCON ya U-20 Mauritania. Wiki mbili hazijaisha, U-17 wakaanza zao Rubavu, Rwanda, mji ambao umepakana na Goma kiasi kwamba waweza kuvuka kwa miguu. Rwanda ilikuwa kinyume kabisa cha Tanzania, masharti makali kupita wote kanda hii. Huko nako fainali ilikuwa Uganda na Tanzania, 22 Desemba, Uganda 3-1. Kenya haikupata tiketi.

Siku mbili baadaye, 24 Desemba, FIFA ikatangaza kwamba Kombe la Dunia la U-20 na la U-17 ya 2021 yamefutwa. Si kuahirishwa, kufutwa. Indonesia na Peru, waliokuwa waandae, wakapewa ya 2023 (na hata hiyo ikahama baadaye, lakini hiyo ni stori ya siku nyingine). Fikiria uko na medali shingoni siku ya pili, unaambiwa kule ulikokuwa ukielekea hakupo tena. Na Machi 2021, siku chache kabla ya kuanza, AFCON ya U-17 kule Morocco nayo ikafutwa. Wale watoto wa Rubavu walishinda mlango wa kuingia nyumba iliyobomolewa.

Uganda U-20 ndio wananiuma zaidi, na mimi si Mganda. Ilikuwa mara yao ya kwanza AFCON hiyo. Mauritania wakawatoa Burkina Faso kwa penalti, nusu fainali wakaipiga Tunisia 4-1, Derrick Kakooza peke yake mabao matatu. Fainali wakafungwa na Ghana 2-0, tarehe 6 Machi 2021, lakini Kakooza akaondoka mfungaji bora kwa mabao matano. Kwa kawaida, kufika nusu fainali tu kunakupa Kombe la Dunia. Wao walifika fainali wakaambiwa mrudi nyumbani.

Kuna watu wataniambia, na washaniambia, kwamba ilikuwa wazimu kukusanya watoto wakati ule. Hoja yao naielewa. Kijana wa miaka 17 haogopi korona, lakini akirudi nyumbani anakaa na nyanya yake, chumba kimoja, feni moja. Mimi bado naona CECAFA walifanya sawa. Angalia kilichowafuata wale waliocheza. Kakooza alienda Valmiera ya Latvia mwaka ule ule. Steven Sserwadda akaenda New York Red Bulls. Wangebaki vichochoroni Kampala wakilinda kona, nani angewaona? Hakuna maskauti wanaokuja mtaani kwa imani tu. Wanakuja kwenye mashindano.

Upande wa shule ulikuwa mbaya zaidi, na huo hauongelewi kabisa. Michezo ya shule za sekondari za Afrika Mashariki ilifanyika Arusha 2019, kisha kimya mpaka 2022, Arusha tena. Aliyekuwa Form Three 2020 alifanya KCSE Machi 2022. Miaka yake yote miwili ya mwisho, ile ambayo mwili umekomaa na kocha anakupa namba ya kudumu, hakukuwa na pa kwenda. Kwa kijana wa Kisauni au Ziwa la Ng'ombe ambaye hana akademia, timu ya shule ndiyo akademia yake. Pale mtaani kwetu Kongowea kulikuwa na mmoja, mguu wa kushoto, wallahi ukimtazama unasahau chai yapoa. Yeye ni wa 2004 kama mimi. Leo ana bodaboda, na anaiendesha vizuri, sisemi kwa kumdharau.

Turudi kwa ule mwaka basi. Ukizaliwa 2004, zamu yako ya U-17 ilikuwa 2020. Kenya ikakosa, na hata ingepita, Morocco ilifutwa. Zamu yako ya U-20 ilikuwa mechi za kufuzu za 2022. Lakini Novemba 2021 serikali ilikuwa imelivunja shirikisho la soka, na Februari 2022 FIFA ikaifungia Kenya. Adhabu iliondolewa mwisho wa Novemba 2022, wakati CECAFA ya U-20, iliyofanyika Sudan, ishachezwa bila sisi. Korona ilikuwa imekwisha kutulegeza, tukamalizana wenyewe kwa wenyewe ofisini.

Kisha Oktoba 2024, Dar es Salaam, vijana wa Kenya wakafuzu AFCON ya U-20. Nilipiga kelele mpaka jirani akagonga ukuta. Kesho yake ndiyo nikaangalia masharti: umezaliwa kuanzia 1 Januari 2005.