Msasi, Mwindaji na Jangili katika Nchi ya Ruvuma

Neno "safari" wageni walilichukua kwetu, nalo likaturudia likiwa na maana nyingine. Kwa mtu wa Rahaleo, hapa Mtwara mjini, safari ni mwendo tu: kwenda Mikindani, Newala, au mbali zaidi hata Dar es Salaam. Lakini kwa watu wa Ulaya na Marekani, hasa tangu Theodore Roosevelt aliposhuka Mombasa mwezi wa Aprili 1909, yeye na mwanawe wakaua wanyama 512, safari ni bunduki, hema na msururu wa wapagazi. Mgeni huyo aliitwa mwindaji. Mmakonde aliyeua paa mmoja wa kitoweo aliitwa mwizi. Majina hayo mawili hayakuzuka yenyewe. Yaliletwa na sheria, na sheria ina tarehe zake.

Uwanda wa juu wa Makonde ni nchi ya vichaka vilivyoshikamana, yenye shida ya maji. Huko hapakuwa na makundi makubwa ya wanyama kama ya Serengeti. Palikuwa na paa, funo, nsya, ndezi, na nguruwe-mwitu wasiohesabika. Aliyeshuka bonde la Ruvuma, au aliyeelekea Masasi na Liwale, ndiye aliyekuta palahala, pofu, kuro na tembo. Karl Weule, mwanachuoni wa Kijerumani aliyezunguka Masasi, Newala na Mahuta mwaka 1906, alieleza mitego ya watu wa huko: wa paa, wa kanga, hata wa panya. Gobole nalo lilikuwa limekwisha ingia zamani pamoja na biashara ya pembe, ambayo Wayao waliipeleka pwani ya Kilwa.

Lakini chombo kilichowafaa watu wengi ni wavu. Wanaume wa kijiji waliuzungusha upande mmoja wa kichaka, wengine pamoja na mbwa wakakiingia kwa makelele upande wa pili, na mnyama akakimbilia wavuni. Nyama iligawanywa. Tena, na hili ndilo waandishi wengi wa habari za safari hawakulitazama, shamba lilipona. Usasi ulikuwa sehemu ya kilimo kama palizi ilivyo. Mtu aliyepanda mtama asiue nguruwe, alimlimia nguruwe.

Mwaka 1896 Gavana Hermann von Wissmann alitoa amri ya wanyama, na tangu hapo uwindaji ukaanza kutakiwa hati ya kulipiwa. Tajiri aliyetoka Berlin aliweza kuinunua, mkulima hakuweza. Usasi wa nyavu nao ulibanwa, na huko Uzaramo nguruwe waliongezeka mashambani katika miaka ile ile ambayo wanaume walitolewa makwao kwenda kufanya kazi za wengine. Sisemi kwamba Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907 vilipiganwa kwa ajili ya nguruwe. Pamba ya kulazimishwa, kodi na kiboko vyatosha kuwa sababu. Lakini mtu akiona mazao yake yakiliwa, na mkono wake umefungwa asiyalinde, hasira yake haihitaji mwalimu.

Baada ya vita ilikuja njaa, kwa kuwa majeshi ya Wajerumani yalichoma vyakula na mashamba. Watu walikufa kwa makumi ya maelfu, mahame yakaota mwitu, na tembo wakahamia palipokuwa vijiji. Sehemu ya nchi hiyo ndiyo iliyokuja kuwa hifadhi ya Selous, iliyoitwa kwa jina la Frederick Selous, Mwingereza aliyeishi kwa kuua wanyama, naye akauawa kwa risasi ya Wajerumani huko Beho Beho tarehe 4 Januari 1917. Wageni wanaoiita nchi ile pori lisiloguswa na binadamu wanapita juu ya makaburi. Hata katika miaka ya 1940 Waingereza waliendelea kuwahamisha watu wa Liwale, wakitaja malale na tembo.

Bwana Nyama wa kusini wakati huo alikuwa Constantine Ionides, aliyeingia kazini mwaka 1933, na ambaye watu walimwita Bwana Nyoka kwa ustadi wake wa kukamata nyoka. Alikuwa hodari, wala sitaki kumpunguzia sifa. Ila yafaa ikumbukwe kwamba kabla ya kuilinda sheria, yeye mwenyewe aliwahi kuwinda tembo bila hati. Kwake ulikuwa ujana. Kwa mwanakijiji lilikuwa kosa la kifungo.

Uhuru haukuyafuta majina. Sheria ya mwaka 1974 iliendeleza hati, na neno "jangili", lenye asili ya Kihindi, likamwangukia kila aliyeua bila hati. Wako waliolistahili: tembo wa Selous, waliozidi laki moja katikati ya miaka ya 1970, walihesabiwa kama 13,000 mwaka 2013, na pembe zile hazikuliwa na mkulima yeyote. Lakini neno moja linambeba mwenye bunduki ya kivita aliyetumwa na tajiri wa pembe, na mzee mwenye tanzi la funo. Huko Nanyumbu, karibu na pori la Lukwika-Lumesule, mkulima hulala katika dungu la shamba lake la mahindi, na silaha yake ni debe la kupigia kelele.