Mandari, Ziara na Utalii: Msamiati wa Matembezi katika Historia ya Pwani

Historia ya matembezi ya starehe katika pwani ya Afrika Mashariki imezoeleka kuanzia hotelini. Msomaji huelezwa habari za Malindi ya miaka ya 1930, wakati walowezi wa bara walipoanza kuteremka kufuata bahari na samaki wakubwa. Kisha huelezwa juu ya Nyali, ambako hoteli ya ufuoni ilifunguliwa mwaka 1946. Kisha ndege za kukodi kutoka Ulaya. Na hatimaye Unguja ya miaka ya 1990, hoteli zilipopangana Nungwi, Kiwengwa na Paje. Katika masimulizi hayo wenyeji hujitokeza wakiwa wapishi, madobi, mabaharia na wachuuzi wa vinyago. Wao wenyewe hawatembei popote. Ni kana kwamba watu walioishi na bahari kwa zaidi ya miaka 1,000 walingoja mgeni aje kuwaambia kuwa inapendeza.

Msamiati wa Kiswahili unatoa ushahidi mwingine. Lugha haitungi maneno kwa mambo yasiyokuwapo, na katika uwanja huu Kiswahili kina akiba kubwa: kutembea, kuzuru, kubarizi, kupunga upepo, kujivinjari, ziara, na hasa mandari. Neno hili la mwisho wanafunzi wengi wa leo hulidhani ni kosa la tahajia la mandhari. Si kosa. Mandari ni matembezi ya kundi la watu wanaotoka nyumbani kwenda mahali pazuri, shambani au pwani, kupika, kula na kustarehe, kisha kurudi. Yaelekea maneno hayo mawili yametoka katika mzizi mmoja wa Kiarabu wenye maana ya kutazama. Moja likabaki na kile kinachotazamwa, jingine likachukua matembezi ya kwenda kukitazama.

Tofauti ya mandari na safari inastahili kuangaliwa kwa makini, kwa kuwa Kiingereza kiliichukua safari katika karne ya 19 na kuirudisha pwani ikiwa na maana ya kwenda kuona wanyama. Kwa Mswahili safari ilikuwa kazi. Ilikuwa na mzigo, deni, pagazi na maradhi. Matini zilizokusanywa na Carl Velten na kuchapishwa mwaka 1901 kwa jina la Safari za Wasuaheli zinaonyesha jambo hilo waziwazi: Selim bin Abakari alifika Urusi na Siberia mwaka 1896, lakini alifika huko akiwa katika utumishi, hakuwa mtu aliyetoka kwa hiari yake kwenda kuburudika. Safari ilipimwa kwa miezi na misimu ya kaskazi na kusi. Mandari ilipimwa kwa maji kujaa na kupwa, na kabla ya magharibi watu walikuwa wamesharejea makwao.

Katika Unguja ya karne ya 19, desturi ya kutoka mjini kwenda shamba ilikuwa na sura mbili. Sura ya wakubwa ndiyo iliyoandikwa zaidi. Sayyid Said alijenga hamamu ya Kidichi mwaka 1850 kwa ajili ya mkewe wa Kiajemi, Shehrzad, ili wapatapo kutembelea mashamba wapumzike na kuoga. Sayyid Barghash alikuwa na majumba ya nje ya mji, Chukwani upande wa kusini na Maruhubi upande wa kaskazini. Hili la pili lilijengwa mwaka 1882 na likaungua mwaka 1899. Binti wa Sayyid Said, Salme, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844 na kuchapisha kumbukumbu zake Berlin mwaka 1886 kwa jina la Emily Ruete, alizieleza safari hizo za mashambani kwa shauku ya mtu anayeandika akiwa mbali na kwao. Sura ya watu wa kawaida haikupata mwandishi wa namna hiyo. Hata hivyo, mwaka 1905 gari moshi lilipoanza kwenda Bububu, mwendo wa maili saba hivi kutoka mjini, wenyeji ndio waliolijaza. Abiria wa meli zilizotia nanga waliwekewa behewa lao la daraja la kwanza wapate kukiona kisiwa kwa haraka. Waliobaki walikuwa watu wa mjini na wa shamba. Reli ile haikufika mwaka 1930.

Ushahidi wenye uzito zaidi, hata hivyo, haumo katika majumba wala katika reli. Umo Makunduchi, kusini mwa Unguja, katika sherehe ya Mwaka Kogwa. Mwaka huo ni wa jua, wenye siku 365, na jina lake jingine, Nairuzi, limetoka Uajemi. Huangukia mwezi wa Julai, na shughuli zake huendelea kwa siku nne. Kibanda cha makuti huchomwa moto, wanaume wa pande mbili hupigana kwa migomba ili kutoa kinyongo cha mwaka mzima, wanawake huimba, na watu huenda kuoga baharini. Jina lenyewe lina mafunzo kwa mwanaisimu: umbo la kitenzi kogwa, likisomwa kwa sarufi ya Kiswahili sanifu, ni la kauli ya kutendwa. Aogwaye hapo ni mwaka.

Wengi walioandika juu ya sherehe hiyo wamevutiwa na moto na migomba, na haishangazi. Lakini kipengele kinachohusu historia ya matembezi ni kingine: mwenyeji wa Makunduchi huona mkosi kupitisha siku hiyo bila mgeni nyumbani kwake. Kwa hiyo mgeni hutafutwa. Watu wa mjini, jamaa walioolewa mbali, marafiki wa marafiki, wote huitwa. Methali isemayo Mgeni njoo, mwenyeji apone hufafanuliwa shuleni kana kwamba ni maneno ya adabu tu. Makunduchi ni kanuni ya kuendesha mwaka. Hapa mtembezi hanunui ukarimu. Yeye ndiye anayehitajiwa, na kuja kwake kuna faida kwa aliyemkaribisha. Uhusiano huo uko mbali mno na ule wa mteja na mwenye hoteli, na ni makosa kuuita hatua ya awali ya utalii.

Mfano wa pili unatoka kaskazini, katika visiwa vya Lamu. Kisiwani Manda kuna magofu ya Takwa, mji ulioachwa katika karne ya 17. Kwa mujibu wa mapokeo, wakazi wake walivuka mlango wa bahari wakakaa Shela, mkabala na kwao. Nje ya ukuta wa mji limebaki kaburi la nguzo lenye maandishi ya miaka ya 1680, na watu wa Shela wameendelea kulizuru na kuomba mvua. Njia ya chombo hupita katika mkono wa bahari uliozungukwa na mikoko, na hupitika maji yakiwa yamejaa. Anayechelewa kuondoka hukwama matopeni. Ziara ya Takwa ni ibada, na vilevile ni siku ya kutoka nyumbani na kuvuka maji pamoja. Anayetaka kutenganisha ibada na starehe atapata tabu hapa, kama atakavyopata tabu katika Maulidi ya Lamu, yanayohusishwa na Habib Saleh na msikiti wa Riyadha, ambako watu hufika kutoka pwani nzima wakaja kuswali, kusikiliza dufu, kuonana na ndugu na kutazama mashindano ya punda. Leo ziara limekuwa neno la wanasiasa, ambao hufanya ziara ya kikazi wakiwa na msururu wa magari. Kaburi limesahauliwa.

Utawala wa kikoloni haukuanzisha matembezi, lakini ulibadili nani anatembelea wapi. Kisiwa cha Changuu, mbele ya mji wa Zanzibar, kilijengewa gereza mwaka 1893 ambalo halikupata kutumika kwa kazi hiyo. Kikawa karantini, na baadaye, wagonjwa walipokuwa hawapo, kikawa mahali pa mapumziko kwa waliokuwa na nafasi. Kobe wakubwa kutoka Shelisheli waliletwa mwaka 1919. Siku hizi mgeni hupelekwa Changuu asubuhi, na jioni hupumzishwa kwenye fungu la mchanga linalotangazwa kwa jina la Nakupenda, jina ambalo, kwa hakika, lingemshangaza mvuvi yeyote wa zamani.

Ndipo lilipokuja neno utalii. Kitenzi talii, kabla ya kuingia katika ofisi za serikali, kilihusu kuchunguza na kusoma kwa makini; ndugu yake ni mutalaa. Mtalii alistahili kuwa mtu wa maarifa. Matumizi ya sasa yamemfanya mtu anayelipa, tena anayetoka mbali. Mwaka 2023 Zanzibar ilipokea watalii zaidi ya 600,000. Mwanamke wa Makunduchi anayepanda daladala siku ya Idi kwenda Forodhani na watoto wake wenye nguo mpya hahesabiwi humo, na yeye mwenyewe asingekubali kuitwa hivyo. Istilahi utalii wa ndani ilibuniwa ili kumpata mtu wa namna yake, lakini humpata pale tu anapokata tiketi au kulala hotelini. Akichukua chungu cha biriani na mkeka, akaketi chini ya mvinje, hana jina.

Kutokuwa na jina kuna gharama. Neno pwani limeundwa kwa kitenzi pwa na kiambishi cha mahali: ni pale maji yanapokupwa. Ni ardhi ya saa chache, ambayo bahari huitoa na kuitwaa, na kwa mazoea ya wenyeji kila mtu alipita hapo, mchokoaji pweza, mtoto, na tangu mwaka 1989 katika vijiji vya mashariki mwa Unguja, mwanamke mkulima wa mwani. Panapogawanywa fukwe, mwekezaji hutajwa, mvuvi hutajwa, mtalii hutajwa. Watu wa mandari hawatajwi, kwa kuwa neno lao halimo katika lugha ya mipango. Huko Bamburi, Mombasa, watu hujaa kwenye ufuo wa umma kila Idi na kila Krismasi hadi pa kukanyaga pakakosekana. Kivumishi hicho, wa umma, kinataka kuulizwa: ufuo usio wa umma ni upi, na uliacha lini kuwa pwani?

Takwa sasa iko chini ya Makavazi ya Taifa ya Kenya, na manahodha wa Lamu huwapeleka wageni huko kwa matembezi ya siku moja, wakiwapikia samaki njiani. Nahodha huyohuyo anaweza kuwabeba watu wa Shela kwenye ziara yao. Wa kwanza huwaita watalii na huwatajia bei. Wa pili huwauliza nani atachukua sufuria. Wote wawili huwaambia saa ileile ya kuondoka, kwa sababu maji yakishaanza kupwa katika mkono wa Takwa, hakuna chombo kitakachotoka mpaka yajae tena.