Misitu ya Milima ya Mara na Zama Zake

Aghlabu hudhaniwa kwamba milima ya Mara, tangu Balili ya Bunda hadi vilima vya Butiama, ilifunikwa na msitu tangu dunia kuumbwa, na kwamba ni shoka la mwanadamu peke yake lililouondoa; lakini matope ya Ziwa Victoria yanatoa ushahidi mwingine. Yapata miaka 17,000 iliyopita, katika ukame wa zama za barafu, ziwa lenyewe lilikauka, na pale ambapo leo wavuvi wa Musoma hutega nyavu palikuwa nchi kavu. Mvua ziliporejea ziwa likajaa. Na chavua za kale, alizozichunguza mtaalamu Kendall kutoka ghuba ya Pilkington, Uganda, akazitangaza mwaka 1969, zashuhudia kwamba msitu ulienea ukingoni tangu miaka kama 12,000 iliyopita, ukastawi dahari nyingi, kisha ukaanza kufifia kwa upungufu wa mvua, kabla wakulima na wafua chuma hawajaongeza athari zao.

Wala mwanadamu hakupunguza miti daima. Sotoka ya miaka ya 1890 ilipoangamiza ng'ombe, ikaandamana na njaa na maradhi, malisho mengi ya magharibi ya Serengeti yaligeuka vichaka, na mbung'o wakatamalaki palipokuwa na watu. Kadhalika huko Butiama, karibu na Mwitongo alikozikwa Mwalimu Nyerere mwaka 1999, Msitu wa Muhunda umesalia kwa sababu Wazanaki waliuheshimu kuwa makao ya mzimu, na hofu hiyo ikawa sheria isiyohitaji askari.

Lakini msitu wenye nguvu kubwa kuliko yote juu ya maji ya Mara hauko Tanzania. Mto Mara, wenye urefu wa kilomita 395, huanzia milima ya Mau nchini Kenya, hupita Serengeti, ukapita chini ya daraja la Kirumi na kumwaga maji ziwani karibu na Musoma. Na mwaka 2001 serikali ya Kenya iliondoa katika hifadhi ya Mau hekta zipatazo 60,000. Msitu ukikatwa huko, mafuriko huzidi masika na mto hudhoofu kiangazi. Kwa hiyo Siku ya Mara, inayoadhimishwa na nchi zote mbili kila tarehe 15 Septemba, haitoshi kuwa sherehe ya kupanda miche: yafaa iwe siku ya kuhesabiana kilichokatwa.