Kitanda Ambacho Mathe Hakuwahi Kulalia

Ufunguo ulikuwa mzito kama kufuli. Ulining'inia kwenye donge la shaba lenye namba ya chumba, makusudi kabisa, ili mgeni asiusahau mfukoni akaenda nao kwao. Mama wa mapokezi alinisukumia juu ya kaunta, akaniambia chakula cha jioni ni kuanzia saa moja, na kwamba ile lifti ya kushoto nisiiamini.

Ilikuwa Oktoba, kwenye kisiwa cha Krk, kaskazini mwa pwani ya Kroatia. Nilikuwa nimealikwa kwenye warsha ndogo ya waandishi mjini Rijeka, na ilipoisha nilibaki na siku tatu kabla ya ndege yangu. Doo zilikuwa kidogo. Nikatafuta hoteli ya bei ya chini kabisa inayotazama bahari, nikaipata, na nilipofungua mlango wa chumba nikaelewa bei ile ilitoka wapi.

Zulia la kahawia. Mapazia ya rangi ya chungwa. Redio iliyojengewa ndani ya ubao wa kichwani mwa kitanda, vitufe vitatu, vyote vimekufa. Simu ya kuzungusha namba kwa kidole. Maji ya moto yalichukua dakika kumi kufika, na yalikuja yakikohoa. Lakini ukifungua mlango wa roshani, wueh! Bahari ya Adriatiki yote iko hapo, imetulia kama chai iliyosahauliwa mezani.

Kitu cha kwanza nilichofanya ni kumpigia mathe simu ya video.

Mathe alifanya kazi ya dobi kwenye hoteli moja ya pwani, upande wa kaskazini mwa Mombasa, miaka 22. Alifua na kupiga pasi shuka za Wajerumani na Waitaliano mpaka hoteli ilipofungwa. Aliweza kusalimia kwa Kijerumani, na aliweza kujua mgeni amelala vibaya kwa kutazama tu foronya. Kitanda cha hoteli, cha kulipia au cha bure, hakuwahi kukilalia. Nilipomwonyesha chumba hakuuliza kuhusu bahari. Alisema, "Hebu nionyeshe kona za shuka."

Nikamwonyesha. Akatazama kimya, kama daktari anayesoma picha ya mfupa. "Mmh," akasema. "Hiyo imekunjwa na mtu aliyechoka."

Historia nilisomea nusu. Niliacha chuo mwaka wa tatu, sababu ni zile zile mnazozijua. Lakini kuna swali moja ambalo halikuwahi kuniacha: nani hasa hujengewa mahali pazuri? Na kwenye kisiwa hiki, ndani ya hoteli hii iliyochakaa, swali hilo lina jibu ambalo sikulitarajia.

Kwenye ukuta wa ukumbi wa kulia chakula kulikuwa na picha ya zamani, watu kama sitini wamepanga mistari mitatu mbele ya jengo, wanacheka, wengine wamevaa nguo za kuogelea. Nilidhani ni watalii. Mzee mmoja aliyekuwa akinywa kahawa kaunta, mhudumu mstaafu aliyejifunza Kiingereza kutoka kwa wageni, akanisahihisha. Hao si watalii, alisema. Hao ni wafanyakazi wa kiwanda. Walikuja likizo.

Ili uielewe picha hiyo, lazima urudi kwenye nchi ambayo haipo tena. Yugoslavia ilitoka kwenye Vita vya Pili vya Dunia ikiwa imebomoka, chini ya Josip Broz Tito na chama chake cha kikomunisti. Mwaka 1948 Tito akakosana na Stalin, na Yugoslavia ikatupwa nje ya kambi ya Moscow. Sasa ikabidi watafute njia yao wenyewe. Mwaka 1950 wakapitisha sheria ya kuwapa wafanyakazi usemi katika uendeshaji wa viwanda kupitia mabaraza waliyoyachagua wenyewe. Kwenye karatasi, kiwanda hakikuwa cha tajiri wala cha serikali. Kilikuwa cha jamii, na wanaokifanyia kazi ndio wanaokiendesha.

Pamoja na hilo kulikuwa na wazo lingine, ambalo kwangu ndilo kubwa zaidi. Kupumzika ni haki. Mfanyakazi alipewa likizo ya kulipwa, na viwanda, reli, migodi na vyama vya wafanyakazi vikajenga nyumba za mapumziko kando ya bahari. Mtu aliyeyeyusha chuma bara, mbali na pwani, angeweza kuleta watoto wake kuogelea kwa bei nafuu, kwa sababu kiwanda kilichangia gharama. Fikiria kidogo. Si zawadi ya bosi wakati wa Krismasi. Si bahati nasibu. Ni sehemu ya mkataba wako wa kazi, kama vile kofia ya chuma na buti.

Sitaki kuipaka asali. Waliofaidika zaidi na likizo hizo mara nyingi walikuwa watu wa ofisini na mafundi wenye mishahara mizuri. Wa chini kabisa wengi walitumia likizo yao kurudi kijijini kuvuna. Na si mbali na hapa, kusini mashariki mwa Krk, kuna kisiwa kikavu kinaitwa Goli Otok, maana yake kisiwa kitupu. Kuanzia 1949 serikali ile ile iliyojenga nyumba za mapumziko iliwapeleka huko watu walioshukiwa kumuunga mkono Stalin, wakapigwa, wakavunjishwa mawe chini ya jua lile lile ambalo wengine walikuja kuota. Bahari moja. Mmoja amepewa taulo, mwingine amepewa nyundo.

Miaka ya sitini mambo yakageuka. Yugoslavia ilihitaji pesa za kigeni, na Wajerumani walikuwa nazo. Ikakamilishwa barabara kuu ya kufuata pwani ya Adriatiki. Na mwaka 1967 Yugoslavia ikaondoa visa kwa wageni wa nchi zote. Nchi zote! Nilisoma jambo hilo nikiwa kitandani na nikaacha simu ianguke kifuani. Mimi, kufika hapa, nilipeleka barua ya mwaliko, taarifa za benki za miezi kadhaa, bima, na ushahidi kwamba nina sababu ya kurudi nyumbani. Nilipanga foleni Nairobi nikiwa nimevaa shati la kuazima. Kroatia iliingia eneo la Schengen Januari 2023, kwa hivyo mlango wake sasa una kufuli moja na mlango wa Ujerumani. Mwaka 1967, kijana kama mimi angehitaji nauli tu. Ingawa, tuseme ukweli, nauli yenyewe angeitoa wapi?

Ndipo hoteli kubwa kubwa za zege zikaanza kuota ufukweni, hii yangu ikiwa mojawapo. Mfano uliopita kiasi uko hapa hapa Krk, Malinska. Siku ya pili nilipanda basi kwenda kuutazama.

Hoteli ya Haludovo ilichorwa na msanifu Boris Magaš na ikafunguliwa mwanzoni mwa miaka ya sabini. Bob Guccione, Mmarekani mwenye gazeti la picha za wanawake uchi liitwalo Penthouse, alimwaga pesa humo. Dola milioni 45, inasemekana. Mwaka 1972 akafungua kasino. Hebu tulia uone ajabu hiyo: kasino ya bepari wa Marekani, ndani ya nchi ya kikomunisti, kwenye hoteli ambayo wafanyakazi wake walikuwa na baraza lao. Na raia wa Yugoslavia hawakuruhusiwa kucheza kamari humo. Wangeweza kubeba trei, lakini si kukaa mezani. Mwaka uliofuata kasino ilifilisika.

Hoteli yenyewe iliendelea miaka mingi bila Guccione. Leo ni gofu. Mabwawa ya kuogelea yamekauka, vioo vimevunjwa, kuta zimejaa michoro ya rangi ya kupulizia, na vijana huja kupigia picha za Instagram pale palipokuwa na ukumbi wa mapokezi. Nilitembea humo nikikanyaga vipande vya vigae, nikawaza kwamba jengo hili lilikufa mara mbili. Mara ya kwanza pesa zilipoondoka. Mara ya pili nchi ilipoondoka.

Maana nchi nayo iliondoka. Tito alifariki Mei 1980. Mwaka huo huo likafunguliwa daraja la kuunganisha Krk na bara, ambalo basi langu lilipitia, na likapewa jina lake. Tao lake kubwa la zege, mita 390, wakati huo lilikuwa refu kuliko yote ya aina yake duniani. Daraja likabaki, jina likabadilishwa. Miaka ya themanini madeni na mfumuko wa bei vikaitafuna Yugoslavia. Juni 1991 Kroatia ikatangaza uhuru, na vita vikaanza.

Wakati wa vita watalii hawakuja, lakini hoteli za pwani zilijaa. Zilijaa wakimbizi. Watu waliofukuzwa makwao mashariki mwa Kroatia, kisha Wabosnia kuanzia 1992, waliwekwa kwenye vyumba vya kutazama bahari. Haludovo nayo ilipokea watu hao. Mzee wa kahawa aliniambia hata hapa kwetu walikuwepo. Familia moja chumba kimoja, wanapikia kwenye roshani, wanaanika nguo za watoto kwenye nondo zile zile nilizoegemea mimi asubuhi nikipiga picha. "Walikuwa na bahari bure," alisema, "na hakuna hata mmoja aliyetaka kuitazama."

Nikamuuliza kuhusu baraza la wafanyakazi. Je, kweli walikuwa na usemi? Akacheka. Walipiga kura kuhusu vitu vidogo na vikubwa, alisema, kama kununua tanuri jipya au kuongeza pesa za nyumba za wafanyakazi. "Tulipiga kura, halafu mkurugenzi akafanya alichotaka." Akakoroga kahawa yake. "Lakini ilibidi kwanza asimame mbele yetu atueleze. Siku hizi mwenye hoteli sijui hata sura yake."

Maneno hayo yalinikaa. Baada ya vita mali ya jamii iliuzwa na kubinafsishwa, mara nyingi kwa njia ambazo Wakroatia wenyewe hadi leo wanazizungumzia kwa hasira. Nyumba nyingi za mapumziko za viwanda zilikufa pamoja na viwanda vyake. Zingine zimebaki tupu kwa sababu hakuna anayejua tena ni za nani. Hoteli zilizobahatika zilipata mwenye pesa, zikapata mabwawa mapya na bei mpya. Zilizobaki katikati, kama yangu, zinangoja. Wageni wake ni wazee wa Slovenia na Ujerumani wanaokuja kila mwaka na kukaa meza ile ile, na wapita njia maskini kama mimi.

Asubuhi ya mwisho nilikutana na aliyekuwa akitandika kitanda changu. Alikuwa dada wa makamo yangu, kutoka Nepal. Kroatia ilipoingia Umoja wa Ulaya mwaka 2013, vijana wake wengi walienda kutafuta mishahara Ireland na Ujerumani. Nafasi zao hotelini, jikoni na kwenye mijengo sasa zinajazwa na watu wa Nepal, Ufilipino na India. Tulizungumza dakika tatu tu, kwa sababu alikuwa na vyumba kumi na vinne mbele yake. Nilimwambia mamangu alifanya kazi hii, upande wa dobi. Akatabasamu, akauliza, "Alipata mgongo?" Nikasema ndiyo, alipata mgongo. Akatikisa kichwa kama mtu aliyesikia habari ya jirani.

Hata zama zile za likizo za wafanyakazi, kuna mtu alitandika vitanda. Wengi walikuwa wa msimu, wanawake kutoka Bosnia na mikoa ya ndani, wanakuja Mei na kuondoka msimu ukiisha. Kwa hivyo siwezi kusema kulikuwa na pepo ikapotea. Ninachoweza kusema ni hiki: kulikuwa na nchi iliyoandika kwenye sheria kwamba mtu anayefua shuka anastahili pia kulalia moja, siku chache kila mwaka, kando ya bahari. Ilitimiza nusu. Nusu ile ilitosha kujaza picha ile ya ukutani. Sisi kwetu tulijenga hoteli miaka ile ile, kwa ajili ya Wajerumani wale wale, na sijawahi kuona picha ya madobi wamevaa nguo za kuogelea.

Nikiwa kwenye basi, tukilivuka lile daraja, nilimtumia mathe picha ya kitanda. Nilikuwa nimekitandika mwenyewe kabla ya kuondoka, kona nilizikunja kama alivyonifundisha nikiwa mdogo. Alikuwa na maoni, bila shaka. Kona ya kulia imelegea.

Kisha nikamweleza kuhusu yule dada wa Nepal, na vyumba kumi na vinne, na mgongo. Akanyamaza muda mrefu mpaka nikadhani mtandao umekata.

"Na yeye," mathe akauliza, "likizo yake huenda wapi?"