GARI LA MBIO, SI GARI LA MICHEZO: HISTORIA FUPI YA MANENO YA GEREJI

Mfasiri anayepewa kitabu cha matengenezo ya gari lililoundwa kwa ajili ya mwendo kuliko kwa ajili ya mzigo, yaani lile gari fupi kwa kimo, lenye milango miwili na injini yenye nguvu kupita haja ya kawaida, hukwama kwenye jina la gari lenyewe. Wengi hukimbilia kuandika "gari la michezo". Msomaji wa Kiswahili akikutana na jina hilo atadhani linatajwa gari la kuchukulia timu ya mpira, au gari la ofisi ya utamaduni, au kitu cha watoto kuchezea. Katika gereji za Msamala, mjini Songea, jina hilo halisikiki kabisa. Mafundi husema "gari la mbio", na walio wakubwa kwa umri husema "gari la mashindano". Majina haya mawili hayakupitishwa na kikao chochote, walakini kila moja linaeleza kitu chenyewe kwa usahihi.

Makala haya yanakusudia kueleza maneno ya namna hiyo yalikotoka, na kwa nini watunga istilahi hawana budi kuyaendea yalipo kabla ya kuunda mengine. Gari la mbio lililozeeka ni mfano unaofaa kwa uchunguzi huu kuliko gari jipya. Gari jipya huhitaji maneno machache: kuwasha, kuzima, kujaza mafuta. Gari lililopita umri wake hudai kila siku jina la kitu kingine kilichokatika, kilicholegea au kilichoziba.

Safari ndefu ya kwanza ya gari inayojulikana zaidi katika nchi hii ilikuwa ile ya Mjerumani Paul Graetz, aliyeondoka Dar es Salaam mwezi Agosti, 1907 kwa gari la kiwanda cha Gaggenau na kufika Swakopmund, pwani ya Atlantiki, mwezi Mei, 1909. Sehemu kubwa ya muda huo haikuwa ya mwendo bali ya matengenezo, na ya kusubiri vipuri vya injini kutoka Ujerumani. Tokea hapo mwanzo, basi, gari katika nchi yetu lilikuwa kitu cha kutengenezwa njiani, mbali na kiwanda.

Wenyeji hawakusubiri kuletewa maneno. Waswahili walikuwa watu wa vyombo vya bahari, na chombo kipya cha nchi kavu walikipa maneno ya chombo cha zamani. Kile anachoshika dereva kikaitwa usukani, neno lenye asili ya Kiarabu ambalo kwa karne nyingi lilikuwa jina la kifaa cha kuongozea jahazi. Bomba na parafujo vilikuwa vimekwisha kuingia kutoka Kireno. Gari lenyewe lilichukua jina lililotoka Bara Hindi, ambalo lilitumika kwa mikokoteni ya kukokotwa na wanyama kabla ya injini kufika. Ukitaka kujua jinsi lugha inavyopokea kitu kigeni bila kupiga kelele, tazama kwamba mtu anayeendesha gari leo ameshika usukani wala hafikirii bahari.

Tabaka la Kiingereza lilikuja baadaye, nalo ndilo zito kuliko yote. Lilipitia katika karakana za serikali na za misheni, katika gereji za mafundi wenye asili ya Kihindi, na katika jeshi, hasa wakati wa Vita Kuu ya Pili, ambapo Waafrika wa Mashariki wengi walifunzwa udereva na ufundi wa malori. Maneno yaliingia kwa sikio na si kwa jicho, na ndiyo maana yamekaa vizuri katika matamshi yetu: breki, gia, klachi, plagi, springi, gesketi, boneti, spana, jeki, rejeta. Neno madigadi lingalikuwa na sura nyingine kabisa kama lingaliingizwa na mtu aliyeliona kwenye karatasi. Upande wa mashariki ya Kongo mambo yalikwenda hivyo hivyo, ila mlango ulikuwa Kifaransa. Huko tairi huitwa pine, na fundi wa Songea akipelekwa Bukavu atahitaji siku kadhaa kabla ya kuelewana na wenzake, ingawa wote wanasema Kiswahili na wanafungua nati ile ile.

Jina la "gari la mashindano" lina tarehe yake. Mwaka 1953 yalianzishwa mashindano ya magari yaliyopita Kenya, Uganda na Tanganyika, kwa kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili. Baadaye yalijulikana kama Safari, neno la Kiswahili ambalo kwa njia hiyo lilipata nafasi katika midomo ya watu wa michezo ya magari ulimwenguni. Kufikia katikati ya miaka ya 1970 mashindano yalibaki Kenya peke yake, lakini kwa miaka ishirini yalikuwa yamewaonyesha watu wa barabara za vumbi kwamba gari la mbio si pambo. Mwaka 1971 Datsun 240Z ya Edgar Herrmann ilishinda, na mwaka 1973 gari la aina hiyo hiyo likashinda tena mikononi mwa Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda. Lilikuwa gari la injini ya mitungi sita iliyopangwa kwa mstari, yenye ujazo wa lita 2.4, na kabureta mbili ambazo lazima zipimwe zipumue sawasawa, la sivyo injini hutetemeka kama mgonjwa wa homa.

Mfano ulio karibu zaidi na somo letu ni wa mwaka 1965. Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho na fundi aliyekulia katika ufundi wa magari, alishinda akiwa na ndugu yake Jaswant kwa Volvo PV544 ambayo haikuwa mpya. Ilikuwa imekwisha kushindana mwaka uliotangulia mikononi mwa dereva wa kiwanda, nao wakainunua ikiwa imetumika, wakaifungua na kuifunga upya. Wakawaacha nyuma washindani waliokuwa na magari mapya kwa zaidi ya saa moja na nusu. Joginder alishinda tena mwaka 1974 na 1976, safari hizo akiwa na Mitsubishi Lancer, na katika Safari 22 alizoshiriki alimaliza 19. Hesabu hii ya mwisho ndiyo inayowagusa mafundi, kwa kuwa kumaliza ni kazi ya mtu anayejua mlio wa kila kipande.

Sasa tuje Msamala. Songea iko karibu kilomita 1,000 kutoka Dar es Salaam kwa barabara, na lami kutoka Makambako ilifika mjini humo katika miaka ya 1980. Kabla ya hapo, umbali wa kiasi cha kilomita 300 kutoka Makambako ulikuwa wa udongo, vumbi kiangazi na utelezi masika. Miaka hiyo pia ilikuwa ya uhaba mkubwa wa fedha za kigeni, na kipuri hakikununuliwa bali kilitafutwa. Mafundi walijifunza kukereza, kuchonga, kuunga na kuhamisha kipande cha gari hili kwenda gari lile. Ujuzi huo haukupotea magari yaliyotumika kutoka Japani yalipoanza kumiminika baada ya biashara kulegezwa. Ulihamia katika zile karakana za chini ya miti ambazo watu huziita gereji bubu, kwa sababu hazina leseni wala kibao. Jina hilo ni la dhihaka na si la haki. Mkusanyaji wa istilahi hapati mahali penye maneno mengi kuliko hapo.

Katika gereji moja ya namna hiyo nilikwenda mara kadhaa kukusanya maneno, na huko nililikuta gari la mbio ninalolitumia hapa kama mfano: Toyota Celica ya miaka ya 1970, milango miwili, yenye injini ya 2T ya sentimita za ujazo 1,588. Siri ya kudumu kwake inajulikana kwa kila fundi. Chini ya umbo lile la fahari mna mashine ya gari la familia. Injini hiyo ilitumika pia katika Carina na Corolla za wakati huo, na Carina ilichangia na Celica sehemu nyingi za chini. Kwa hiyo klachi, beringi na pampu ya maji hupatikana katika mabaki ya magari ambayo hakuna aliyeyaita ya mbio.

Maradhi ya gari hilo huelezwa kwa vitenzi ambavyo hata mshairi asingaliona haya kuvitumia. Likipata joto kupita kiasi, linachemsha. Mtungi mmoja usipowaka, linamisi. Pistoni na ringi zikilika, injini inakula oili. Gia isipokaa, inaruka. Injini ikigonga hadi kusimama, imenoki. Ikibidi kutolewa nzima, inashushwa. Tairi lisilo na meno ni kipara. Hewa ikiingia katika mabomba ya breki, hutolewa upepo, na hakuna mwanafunzi wa ufundi anayeuliza maana yake. Asubuhi ya kazi huanza na mambo madogo: kufungua chujio la hewa na kukung'uta vumbi jekundu, kupima maji ya rejeta na ya betri, kusafisha plagi, kutazama pointi. Pengo la pointi katika injini kama ile ni karibu nusu ya milimita, na pasipo na geji fundi hukata kipande cha kasha la kiberiti akakitumia kama kipimo.

Hapo ndipo nilipomsikia fundi mmoja akimwambia mwanafunzi wake, "Dogo, nimesema upime oili, sikusema mafuta." Maneno hayo machache yana jambo zito kwa mfasiri. Katika Kiswahili cha jumla, mafuta ni neno pana mno: ya kupikia, ya taa, ya kujipaka, ya kuendeshea gari, ya kulainishia vyuma. Mafundi wameligawa. Mafuta ni kile kinachoungua, petroli au dizeli. Oili ni kile kinacholainisha, na ikizeeka humwagwa, kisha huitwa oili chafu na kupakwa kwenye mbao kuzuia mchwa. Kilaini kizito ni grisi. Mgawanyo huu hauna kasoro, nao ulifanywa na watu wenye mikono michafu pasipo kamati.

Niliwahi kusoma mwongozo mmoja wa matengenezo uliotafsiriwa kwa Kiswahili safi, ambao mtungaji wake aliona oili ni neno la kuazima lisilostahili, akaandika mafuta kila mahali: mafuta ya injini, mafuta ya gia, mafuta ya breki. Mbili za kwanza zinavumilika. Ya tatu ni hatari. Kile kinachosukuma breki, katika magari mengi ya kawaida kama Celica ile, si mafuta ya madini. Mtu akimimina oili ya injini katika chombo chake, mipira iliyomo ndani ya silinda za breki huvimba na kuharibika, na breki hushika zisiachie au hufa kabisa. Mtu anayefuata mwongozo ule kwa uaminifu, akiwa na kopo la oili mkononi na gari linalopenda kukimbia, anaweza kuteremka mlima wa Matogoro bila breki kwa sababu ya nomino moja.

Yapo yanayopendekezwa badala yake. "Maji ya breki" yanasikika, lakini neno hilo linamwalika mtu kumimina maji, jambo ambalo nalo huleta kutu na, joto likipanda, mvuke. "Kimiminika cha breki" lina faida kwamba kimiminika kinafundishwa shuleni katika somo la sayansi na hakimtaji mtu kitu kingine alichonacho nyumbani. Mafundi wenyewe husema fluidi, wakilifuata jina lililoandikwa kwenye kopo. Kwa maoni yangu, fluidi ya breki ndiyo istahili kutangulia katika orodha, na kimiminika cha breki kiwekwe ubavuni mwake kwa matumizi ya vitabu vya shule. Kigezo hapa si usafi wa asili bali ni kwamba neno lisifanane na jina la kitu kinachoweza kuua likitumiwa mahali pake.

Wapo watakaouliza iwapo kwa njia hii hatutakuwa tunaidhinisha kila tamko la mtaani. La hasha. Shokomzoba, kwa mfano, limeota sura nyingi, na huko nyingine husikika shokapu. Hapo mwanaistilahi ana kazi halali ya kuchagua sura moja na kuishikilia, ili mwanafunzi wa ufundi akute katika mtihani neno lile lile alilolikuta katika kitabu. Kadhalika usukani umekwisha kushindana na stelingi, na mimi naona hakuna sababu ya kulitupa neno la mabaharia. Bali kazi ya kuchagua ni tofauti na kazi ya kubuni, na mara nyingi tumebuni pale ambapo palihitajika kuchagua tu.

Katika orodha ninayoiandaa kutokana na ziara hizo, gari la mbio limeingizwa kama kidahizo na gari la mashindano kama kisawe chake. Oili, mafuta na grisi vimetenganishwa kwa fasili. Kuchemsha, kumisi, kunoki na kumwaga vimeingizwa kama vitenzi vya ufundi, pamoja na mifano ya sentensi, kwa sababu orodha zetu za zamani zilijaa nomino kana kwamba gari halifanyi kitu. Wasomaji walio karibu na gereji za Njombe, Mbinga na Tunduru wanaombwa kuleta matamshi wanayoyasikia huko, hasa ya sehemu za difu na giaboksi, ambazo bado zina majina zaidi ya moja.